Fundo Lililobaki Mtini

Chumba cha vifaa,
Nyuma ya nyumba ya Mama,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichomweleza Mama kwenye simu kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo kwa kadiri ya umri wake: magoti yanamuuma asubuhi, mchana anayasahau. Presha anapimwa kila wiki, na kila wiki anabishana na muuguzi kuhusu chumvi. Shemeji yako mzima. Watoto wetu, wanao, wazima pia, na yule mkubwa sasa ananipita kimo na hachoki kunikumbusha.

Mimi naendelea vizuri, ila bega la kushoto limeanza kulalamika. Ukipanda miti kwa miaka ishirini na sita, lazima kiungo kimoja kigome. Nalipaka dawa, linanyamaza, tunarudi kazini wote wawili.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu ninayo, na salio lipo. Lakini najijua. Kwenye simu ningefika mahali pagumu nikasingizia mtandao. Kwa hiyo nimekaa juu ya ndoo ya kamba, kipande cha ubao magotini, na sitainuka mpaka nimalize.

Kazi haijambo. Watu bado hawajaelewa tunafanya nini. Mwezi uliopita bwana mmoja aliniita "yule mtu wa kuni". Nikamweleza kwa utaratibu kwamba mimi ni fundi wa miti: napunguza matawi, naondoa yaliyokufa, natibu vidonda, na naangusha mti pale tu unapokuwa hatari kwa watu. Alinisikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa, kisha akaniuliza kuni zake nitampelekea saa ngapi.

Chumba hiki hakijabadilika sana. Msumeno mkubwa wa injini ni uleule, nimebadilisha mnyororo na kile kifuniko kilichopasuka. Ule mdogo wa kupandia ulikufa, nikanunua mwingine. Tupa za kunolea ziko kwenye kopo la maziwa, kama zamani. Na ukutani bado kuna misumari mitano aliyoigongelea Baba: wa kwanza kofia ngumu, wa pili mkanda wa kupandia, wa tatu kamba ya kujifunga, wa nne kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Wa tano ulikuwa wa mkanda wako. Shemeji yako alitaka kutundika wake pale, nikamwambia msumari umelegea. Haujalegea.

Ndiyo, umesoma vizuri, mke wangu ana mkanda. Mwaka wa tatu huu yeye ndiye anayeshika kamba chini. Alichoka kuniona nikibadilisha vibarua kama soksi, siku moja akavaa buti zangu akasema twende. Mwanzoni nilidhani mzaha. Sasa wateja wanampigia simu yeye, mimi naambiwa tu twende wapi. Ni mkali, mdogo wangu. Kamba yenye mkwaruzo mmoja anaikata palepale ili isije ikatumika tena, hata nilie.

Na ile desturi ya Baba ameishika kuliko mimi. Aliyefunga fundo analivuta mara tatu, anasema "limeshika" kwa sauti, na hakuna mguu unaopita chini kabla neno hilo halijasikika. Mimi, kwa uzee, nimeanza kulimung'unya. Yeye husimama mikono kiunoni, akaniambia hajasikia, nirudie.

Sasa nimezungukazunguka vya kutosha, kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nipige moyo konde.

Wiki tatu zilizopita Mwalimu alipiga simu. Yule mama mwalimu mstaafu, mwenye ule mti. Najua hapo umeacha kusoma kwanza. Tafadhali endelea.

Siku ile unaijua kuliko mtu yeyote, lakini nivumilie niiandike, kwa sababu mimi sijawahi kuisimulia yote.

Tawi lilikuwa nene kama pipa, limelala juu ya paa la jiko lake. Ulikuwa mwepesi kuliko mimi, kwa hiyo ulitangulia kupanda. Ulizungusha kitanzi cha kamba kwenye panda ya juu, pale matawi yanapoachana, ukafunga fundo, ukatundika kapi, ukapitisha kamba ya kushushia. Ukavuta mara tatu. Ukasema "limeshika" kwa sauti iliyomfanya Mwalimu achungulie dirishani. Kisha ukashuka, ukaizungusha ile kamba ya kushushia kwenye shina la mti wa pili, tayari kulishusha tawi polepole. Baba alikuwa upande wa ukuta, ameshika kamba nyembamba ya kulielekeza.

Mimi nikapanda. Mawingu yalikuwa yamekusanyika na nilitaka tumalize kabla ya mvua. Unakumbuka Baba alivyotufundisha: msumeno wa injini ni wa mikono miwili, na ukikaribia kamba zima injini, malizia na msumeno wa mkono. Msumeno wa mkono ulikuwa unaning'inia kiunoni kwangu. Sikuuchomoa. Nilijishikiza kwa mkono wa kushoto, nikamalizia kukata kwa mkono mmoja. Tawi lilipoanza kuachia, kamba zote zikakaza, msumeno ukaruka juu, na nikausikia ukigusa kitu laini. Mti hauko hivyo. Mkono wangu ulijua palepale kwamba ule haukuwa mti.

Tawi likaenda chini pamoja na kapi, na Baba akapiga kelele.

Nilipofika chini, goti lake lilikuwa limepinda upande ambao goti halipindi. Wewe ulikuwa bado umeshika kamba, imekulegea mikononi, unatazama juu. Kabla hujafungua kinywa nikasema mimi, "Fundo lako limefunguka." Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza. Sikumpa Baba pole, sikuita msaada. Ulisema, "Kaka, fundo langu halifunguki," ukaishika ngazi ili upande juu ukaangalie. Nikakuvuta shati. Nikakwambia acha, umeshafanya ya kutosha.

Baada ya pale Mwalimu alisema hataki kuona mtu mtini mwake tena, na mimi nilishukuru moyoni. Majani yalifunika ile panda. Nilijiambia kile kitu laini kilikuwa kitawi kibichi, na nilijiambia mara nyingi mpaka nikakaribia kuamini. Lakini njia ile nilikuwa naipita karibu kila wiki, ngazi iko juu ya mkokoteni. Miaka kumi na moja sikupanda kuangalia.

Lile jina walilokupa kijiweni, Fundo Legevu, lilitungwa na fundi baiskeli. Mimi nilikuwepo. Wenzake walicheka, na mimi nikacheka nao. Kidogo tu, lakini nilicheka.

Baba alitembea kwa fimbo miaka saba mpaka alipofariki. Hakukulaumu hata siku moja. Kila nilipoanza kusema habari za fundo alikuwa ananikata, anauliza kama mnyororo nimeunoa. Siku hizi najiuliza alikuwa ananiambia nini.

Na siku ya kumzika, tulipoitwa wanaume wanne kushika kamba za kuteremshia jeneza, ulirudi nyuma hatua mbili ukatia mikono mfukoni. Nilikuona. Nilijua kwa nini, na neno moja tu kutoka kwangu lingekutoa mikono mfukoni. Nikamwita binamu akashika nafasi yako. Katika yote niliyokufanyia, mdogo wangu, hilo ndilo linalonirudia kila nikiwa peke yangu juu ya mti.

Halafu ulirudi huko ulikokwenda baada ya siku ile ya mti. Ulimwambia Mama kwamba ghalani mnapofanya kazi hufungi kitu, mashine ndiyo inayofunga mizigo, wewe unasukuma tu. Mama alicheka akidhani ni utani. Wewe, ambaye Baba alikuwa anakuita umfungie hata viatu.

Basi, Mwalimu alipiga simu. Mti umeota uyoga chini ya shina, na ukiligonga kwa nyundo linalia kama debe tupu. Alisema amezeeka, mti umezeeka, na hataki wamwangukie mtu yeyote, ama yeye ama mti. Akasema niupeleke chini salama. Nilitafuta sababu za kukataa, sikuzipata, na shemeji yako alikuwa ameshaandika siku kwenye kalenda.

Nilipanda Alhamisi ya wiki ileile, asubuhi. Nilipofika kwenye ile panda nikafagia majani kwa mkono, na kitanzi chako kilikuwepo.

Gome lilikuwa limekimeza. Unajua mti ulivyo, ukiufunga kitu na kuuacha, unakizunguka polepole mpaka unakifanya sehemu ya mwili wake. Nusu ya kamba ilikuwa ndani ya mti. Lakini fundo lilibaki nje, upande wa kivuli, limeota ukijani, limebana vilevile ulivyolivuta. Chini yake zilining'inia ncha mbili fupi, zimelingana, nyuzi zake zimegandana kwa joto. Kamba iliyochoka huchanika ndevu ndevu. Fundo likifunguka, kamba hubaki nzima. Hii ilikatwa na mnyororo, na mnyororo ulikuwa wangu.

"Mbona kimya?" shemeji yako akauliza kutoka chini. "Umeona nyuki?"

Nikamwambia napumzika.

Nitakwambia na hili pia, maana nimeapa kutobakiza. Nilichomoa msumeno wa mkono, ule niliotakiwa kuuchomoa siku ile, nikaweka meno yake juu ya fundo lako. Nilitaka kulikata vipande, viangukie kwenye rundo la majani, viende kuchomwa. Ingechukua dakika moja. Wewe ungebaki Fundo Legevu mpaka unaingia kaburini, na mimi ningebaki fundi mwenye mdogo mzembe. Nilivuta msumeno mara moja. Alama yake ipo, utaiona.

Kisha nikashindwa. Nililia, mdogo wangu. Mtu mzima, mwenye watoto, nimefungwa mtini kwa mkanda, miwani ya kazi imejaa ukungu na siwezi kujifuta kwa sababu ya glavu. Niliona aibu ambayo sijui niiandikeje.

Nilikata ile panda juu ya kitanzi na chini yake, nikapata kipande kama urefu wa mkono. Nikakifunga kwa kamba, nikakishusha taratibu kana kwamba ni trei ya mayai. Shemeji yako alikipokea, akakigeuza, akakigeuza tena. Sikuhitaji kumweleza. Ameshika kamba miaka mitatu, anazisoma.

"Hii imekatwa," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulijua?"

Nikamwambia niliusikia mkononi. Tulimaliza kazi ya siku ile kwa maneno yanayohitajika tu, naye njiani alikaa nyuma ya mkokoteni, kile kipande amekipakata.

Jumapili iliyofuata nilikiweka mezani mbele ya Mama. Alikuwa anachambua maharage. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, tangu mawingu mpaka lile shati. Hakuinua macho mpaka nilipomaliza. Aliniuliza jambo moja tu, kama Baba aliondoka anajua. Nikamjibu sijui. Akafuta mikono, akakibeba kile kipande kwenda nacho chumbani mwake, maharage akayaacha palepale.

Tangu siku hiyo Mama hajanisemesha, ukiacha "chakula hicho" na "funga mlango". Simlaumu. Kila alasiri anakaa dirishani, kipande magotini, anajaribu kulifungua fundo lako. Alianza na vidole. Halafu akachukua mpini wa kijiko, halafu sindano yake ya kufumia. Shemeji yako alitaka kumsaidia, akafukuzwa.

Nimekwenda kijiweni. Fundi baiskeli alikuwepo na wenzake walewale, wamezeeka kidogo. Nikawaambia fundo halikufunguka, kamba niliikata mimi, na jina walilokupa ni langu kuanzia sasa kama wanalitaka. Mmoja akaanza kucheka akaona wenzake hawacheki. Fundi baiskeli alisema tu, "Sasa umekaa na hilo peke yako miaka yote hiyo?" Nikamwambia sikukaa nalo peke yangu, nilikubebesha wewe.

Nilirudi pia kwa Mwalimu. Alinisikiliza vile walimu wanavyomsikiliza mtoto ambaye hakufanya hesabu zake. Akaniuliza kama wewe nimekwambia. Nikasema bado. Akasema basi sijamwambia mtu yeyote. Ndiyo maana leo nimekaa juu ya ndoo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na ndevu. Najua samahani ya karatasi haitakurudishia miaka kumi na moja, wala haitakurudisha kando ya kaburi la Baba ukashika kamba kama mwana. Nilikunyang'anya hilo, na sina pa kulitoa. Sikuombi unisamehe kwa barua ya kurudi. Ukitaka kukaa kimya, kaa. Ukitaka kunitukana, piga simu mchana, nitasimama mahali penye mtandao.

Wala sikuombi urudi kazini. Ila mkanda wako, ambao nilikuwa nimeuficha chini ya magunia, nimeutoa. Nimeusafisha vyuma, nimebadilisha ile kamba ya pembeni iliyoliwa na panya, nimeutundika kwenye msumari wa tano. Shemeji yako aliutikisa ule msumari, akanitazama, akaenda zake.

Wanao wanakusalimu. Mkubwa anauliza kama ni kweli Baba Mdogo aliwahi kufunga fundo lililomezwa na mti; amewasimulia shule nzima. Binamu mwenye miwani anakusalimu, na amesema niandike kwamba siku ile ya mazishi hakujua alikuwa anashika nafasi ya nani. Shangazi mkubwa anakusalimu na kuuliza kama unakula. Shemeji yako anakusalimu sana. Amesema sehemu yake ataiandika mwenyewe kwenye barua nyingine, maana hakuniamini kwamba nitaandika yote. Nitampa asome kabla sijaifunga bahasha.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe moyo mkubwa kuliko niliostahili.

Na Mama anakusalimu. Leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika, niliingia chumbani mwake kumuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alikuwa dirishani, kile kipande kiko magotini, sindano ya kufumia imepinda, ncha za vidole zimemvimba. Sikutegemea anijibu. Aliweka sindano chini, akalishika fundo lako, akalivuta mara tatu kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Mwandikie mwanangu," akasema. "Mwambie limeshika."

Wako akupendaye, aliyechelewa kukwambia,

Kaka yako.